Mlima Uliovishwa Blanketi

Dominique alirudi kutoka Ulaya siku ya soko, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza. Mtu mwenye akili zake hurudi siku ambayo watu wako mashambani, akaingia kwake kimyakimya, akaoga, akala, akalala, ndipo akatokeza kichwa. Yeye aliingia Kabambare katikati ya asubuhi, nyuma ya pikipiki, vumbi la barabara ya Kasongo limempaka mpaka kwenye kope, na soko zima likasimama kumtazama. Wauza mawese waliacha chupa zao. Wauza samaki wakawaachia nzi wale wapendavyo.

"Dominique amerudi!"

"Ni yeye kweli? Mbona hata hajanenepa?"

"Muache apite. Jioni tutasikia."

Na kusikia ilikuwa haki yao. Kabambare mtu akitoka mbali huja na mizigo miwili: mmoja wa begi, mmoja wa mdomo. Wa begi hufunguliwa ndani, na mke wake. Wa mdomo hufunguliwa nje, barazani, mbele ya majirani, msafiri akishakula. Akikataa kuufungua ataitwa mchoyo, na hilo ni jina baya. Akiufungua kwa uongo ataitwa mwongo, na hilo ni baya zaidi, maana mchoyo anaweza kugawa kesho, lakini mwongo hata akisema mvua inanyesha watu watatoa mkono nje kwanza wahakikishe.

Sasa Dominique hakuwa mwongo. Ndiyo shida yenyewe. Alikuwa mkulima wa mpunga na karanga, mtu mzima mwenye mvi, na kwa ukweli alikuwa anachosha. Ukimkaribisha chakula na nyama haikuiva, atakwambia haikuiva, tena mbele ya wageni wako. Watu walinung'unika, lakini walipogombania mpaka wa shamba walimwita yeye.

Mtoto wake Francine ni muuguzi huko Uswisi. Ndiye aliyemtumia tiketi, na alipouliza kwenye simu anataka kuonyeshwa nini, baba mtu alimjibu, "Maduka hata Kasongo yapo, mama. Unionyeshe vile Mungu alivyofanya huko." Basi Francine akamwonyesha. Miezi ile ya huko alimpandisha milima, akamzungusha maziwa, akampeleka porini. Na sasa kichwa cha Dominique kilikuwa kimejaa mambo mpaka kilimuuma.

Mkewe Cécilia alimwandalia wali na kuku, akakaa mbele yake akimwangalia anavyokula. Hakuwa na uso wa furaha ya kupokea mume.

"Baba Francine, unisikilize vizuri. Jioni uwaambie treni. Uwaambie majumba marefu. Uwaambie wazungu wanafunga mbwa kamba wanatembea naye kama mutoto wao. Kisha ufunge mudomo."

"Na mlima?"

"Mulima uuache kule kule Ulaya."

"Lakini Cécilia, nimeuona kwa macho yangu."

"Mimi najua umeuona. Wale je? Watu wa Nyangwe wanakuja kwa ajili ya Sarah-Grâce. Unataka wakukute na jina gani?"

Dominique aliacha kutafuna. Kusema kweli alikuwa amesahau, na alijionea aibu.

Sarah-Grâce alikuwa mtoto wa mdogo wake, Fidèle, aliyefariki mwaka uliopita. Wakati Fidèle amelala hoi, msichana alikwenda Lusangi, kwenye machimbo ya dhahabu, akawapikia wachimbaji sombe ya majani ya muhogo na bugari ili apate dawa ya baba yake. Hakukaa sana, lakini Lusangi maneno ni mengi kuliko dhahabu. Ikasemwa kwamba kuna mfanyabiashara wa kutoka Bukavu, Aganze, alikuwa akila kwake kila siku, na kwamba amekwisha kumchumbia. Dominique alipanda pikipiki akamfuata huyo Aganze, akamuuliza uso kwa uso. Aganze alicheka, akasema, "Papa, mimi niko na bibi na watoto. Nilipenda sombe yake tu." Na Dominique, aliyezoea kupima watu, akajua ni kweli.

Lakini lisemwalo lipo, ndivyo watu wanavyopenda kusema, hasa lisipowahusu. Uvumi ulikuwa umefika Nyangwe, kwenye ukoo wa Déo, kijana aliyetaka kumwoa Sarah-Grâce. Sasa wazee wake wanakuja, na desturi ni moja: msemaji wa upande wa msichana husimama akasema mtoto wetu yuko huru. Hakuna karatasi, hakuna kiapo. Ni neno lake tu. Wageni wakiliamini, wanakula chakula kilichowekwa mbele yao. Wasipoliamini, wanashukuru kwa heshima, wanaomba maji ya kunawa, wanaondoka, na sahani zinabaki zimejaa. Fidèle, kabla hajakata roho, alikuwa amemshika kaka yake mkono. "Wewe ndiye utamsemea mutoto wangu," alisema. Dominique aliitika.

"Sawa," alimwambia mkewe. "Treni na majumba."

Na alijaribu, maskini. Jioni jua bado liko, baraza imejaa mpaka watu wanakalia vinu, alianza na treni. Watu wakapiga miayo. Treni wameziona kwenye simu. Majumba marefu wameyaona kwenye simu. Mbwa wa kamba alichekesha kidogo, akaisha. Hapo ndipo Ismaël, fundi cherehani, jirani yake na mtani wake tangu wakiogelea uchi kwenye Luama, akasukuma miwani yake juu ya pua akauliza:

"Sasa na nyama? Pori la wazungu iko na nyama gani? Ama wamemaliza zote?"

Cécilia alikohoa. Dominique alimsikia. Lakini mtu ukiulizwa swali, na jibu unalo, na jibu lenyewe ni tamu, utalimeza vipi?

"Iko," alisema. "Nimeona simbiliki, yule panya mkubwa wa porini, lakini wa mlimani. Mnene kama mbwa, manyoya mengi. Akikuona anasimama kwa miguu ya nyuma, anapiga filimbi."

"Filimbi!"

"Filimbi ya mdomo, kuwaambia wenzake wajifiche. Na baridi ikija anaingia shimoni na familia yake, wanaziba mlango kwa udongo, wanalala karibu nusu ya mwaka. Hawali, hawanywi."

Watu walitazamana, wakipima kama wacheke.

"Nusu mwaka," alisema Ismaël. "Na mkojo?"

Ikawa basi. Baraza lilivunjika mbavu. Dominique naye alicheka kidogo, maana hata yeye swali hilo alimwuliza Francine, na Francine alikuwa amemjibu. Angeishia hapo angepona. Lakini alikuwa na kitu kimemkaa moyoni tangu siku ile, kitu kilichomfanya avue kofia bila kuambiwa, akaona ni dhambi kukificha.

"Ndugu zangu, hiyo ya simbiliki ni ndogo. Francine alinipeleka juu, juu mpaka masikio yanaziba. Huko kuna mto wa barafu. Mto mzima, mpana kuliko Luama mara nyingi, umeganda kati ya milima, na unatembea. Huuoni ukitembea, lakini unatembea, polepole, unasukuma mawe makubwa kama nyumba. Nilisimama pale, baridi inapita kwenye kiatu, nikasema Mungu wangu, kumbe ulifika na huku. Halafu nikaona sehemu moja wameifunika. Nikauliza, wakaniambia dunia inapata moto, barafu inaisha, basi wazungu wa pale kila joto likija wanapanda wanaifunika kwa mablanketi meupe. Mablanketi kweli. Kama mama anavyofunika mgonjwa."

Hakuna aliyecheka. Wote walimtazama Ismaël, wakingoja ruhusa.

"Dominique," alisema Ismaël polepole, "wanafunika barafu... na blanketi... ili isipate moto?"

"Njo vile."

Haya! Lo! Watu walianguka. Mzee mmoja alibebwa akipigwa mgongoni. Yvette, anayeuza barafu ya sukari pale sokoni na ambaye kila asubuhi huifunga kwa gunia isiyeyuke, ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka kitenge kikamfunguka. Dominique alijaribu kueleza kwamba blanketi haileti moto, blanketi inazuia tu, wa ndani usitoke na wa nje usiingie. Nani alimsikia? Akatoa simu awaonyeshe picha. Vijana wakaipokea, wakaitazama, wakarudisha.

"Papa, siku hizi simu inatengeneza picha yoyote. Juzi tuliona simba anaendesha pikipiki, na kofia kichwani."

Alikuwa na jambo la tatu, la ndege, lililokuwa karibu zaidi na moyo wake kuliko yote. Hilo hakulisema. Aliinuka akaingia ndani, na nyuma yake sauti ya Ismaël ikampa jina: "Lala salama, Papa Blanketi!"

Jina la utani ni upupu. Kesho yake watoto walilijua, keshokutwa lilimponyoka katekista mbele ya kanisa zima. Wenye pikipiki wakalibeba. Lilifika Kasongo, likanywa maji, likaendelea mpaka Nyangwe.

Sarah-Grâce alimfuata shambani. Alikuwa msichana wa maneno machache, na mikono isiyokaa bure. Aliinama akaanza kung'oa karanga sambamba naye, mistari miwili. Kisha akasema:

"Papa Mukubwa, kwa nini hukusema majumba tu?"

"Nilisema majumba."

"Ungeishia hapo."

Dominique alikung'uta udongo kwenye shina la karanga.

"Nampenda Déo," alisema Sarah-Grâce, macho chini. "Sijui kama inafaa nikuambie, lakini nampenda, na naogopa. Kule Lusangi sikufanya kitu kibaya. Watu wakikataa neno lako, watasema ni kwa sababu nilifanya. Hilo litanifuata mpaka nizeeke."

"Najua, mama."

"Basi kama wakikuuliza, si useme ilikuwa mchezo?"

Dominique alimtazama. Alikuwa na kidevu cha Fidèle, kile kile, na namna ile ile ya kukikaza asilie. Moyo ulimuuma sana. Alimwambia waendelee na karanga.

Watu wa Nyangwe walifika mchana, pikipiki tatu. Mbele alikuwa Raphaël, baba yake Déo, mchonga mitumbwi, mtu wa mabega na sauti ya chini. Wazee wawili walimfuata. Na kwenye pikipiki ya mwisho, amefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa dereva kama mtoto mchanga, alikuwa mama yake Raphaël, bibi kizee aliyeitwa Koko Marie-Jeanne. Umri wake hakuna aliyeujua, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kutoujua. Walimfunga kwa sababu husinzia njiani. Alifunguliwa, akasalimia kila mtu mara mbili, akawekwa kwenye kiti cha kamba, akafumba macho.

Upande wa wenyeji Dominique alikaa na Ismaël, kwa sababu jirani wa karibu huwa shahidi, hata akiwa ndiye aliyekuchimbia shimo. Ismaël hakuwa na raha. Tangu aone pikipiki zile zikiingia alikuwa akifuta miwani isiyo na uchafu. Cécilia alileta sahani moja kubwa: wali wa mpunga wa shamba lao, kuku, mawese yanang'aa juu. Aliweka mkekani, akarudi nyuma. Kwenye mlango wa chumba pazia lilitikisika kidogo, na Dominique alijua ni nani yuko nyuma yake.

Akasimama. Akasema ukoo, akamtaja Fidèle, akaendelea. "Mutoto wetu Sarah-Grâce iko huru. Hakuna mutu mwingine aliyemuchumbia, si Lusangi, si mahali popote. Nilikwenda mwenyewe, niliuliza mwenyewe. Hilo ndilo neno langu."

Akakaa. Chakula kilikuwa kikitoa mvuke. Hakuna mkono ulionyooka.

"Papa Dominique," alisema Raphaël, "tunakuheshimu. Sisi watu wa Nyangwe ni watu wa maji, na kwa maji mutu hazunguki, anakata moja kwa moja. Njiani tulisikia maneno mawili. Neno la kwanza ni la Lusangi. Hilo tulitaka utujibu wewe, kwa maana zamani tulisikia kwamba wewe husemi uongo. Neno la pili ni la mulima na blanketi." Alijikuna shingo. Hakuwa akifurahia. "Hilo la pili limetufanya tujiulize kama wewe ndiye wa kutujibu la kwanza. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi namuoza mutoto wangu mara moja tu."

"Alikuwa anatania!" Ismaël aliruka hata kabla hajamaliza. "Huyu? Huyu ni mutu wa mchezo sana. Alitutania jioni ile, sisi wote tulicheka, muulize mutu yeyote."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kwa mtu kumwita Dominique mtu wa mchezo. Lakini uso wa Raphaël ulilegea, ikaonekana wazi kwamba alikuwa akitafuta mlango wa kutokea, na sasa ameupata.

"Kama ni utani, hakuna maneno. Nani hatanii? Aseme mwenyewe tu. Aseme nilitania, tucheke, tule, tumalize."

Wote wakamgeukia Dominique.

Neno moja tu. Nilitania. Ni jepesi, lingetoka mdomoni kama mate. Alimwona Cécilia mlangoni, mikono ameibana kifuani, akimwomba kwa macho. Pazia lilikuwa limetulia kabisa. Alimkumbuka Fidèle na mkono wake uliokuwa moto. Ungeniambia nini sasa, mdogo wangu? Na alifungua mdomo, kweli aliufungua kulisema. Nisimsingizie ushujaa ambao hakuwa nao. Ila lile neno lilipofika kwenye ulimi aliona kwamba ndilo lingekuwa uongo wa kwanza kuusema mahali pale, na kwamba angeuweka kwenye sahani moja na jina la Sarah-Grâce.

"Mukwe wangu," alisema, "unaniomba nikudanganye ili uniamini."

Ismaël aliguna, akainamisha kichwa.

"Mulima niliuona. Blanketi niliziona. Nikisema leo kwamba nilitania, kesho mutamuangalia huyu mutoto na kusema, baba yake mukubwa anabadilisha neno akibanwa, na ile ya Lusangi labda alibanwa vilevile. Siwezi. Neno langu la Lusangi na neno langu la mulima yametoka kwa mudomo mumoja. Muyachukue yote ao muyaache yote. Na kwa kuwa mumekuja kunipima, nitaongeza na la tatu, lile nililowaficha hawa majirani, musije mukasema niliwabakizia."

Raphaël alifungua mikono, kama kusema, haya.

"Kuna ziwa kule, pembeni yake matete, matete kama yetu ya Luama. Francine alinipeleka jioni moja. Nikakuta wazungu wametega wavu. Ndani ya wavu, mbayuwayu! Wale wale wetu, mgongo wa buluu, koo nyekundu, mkia wa mkasi, wale wanaokuja kulala kwenye matete wakati wa mvua, tukawategea ulimbo. Mimi nikafurahi kupita kiasi. Nikasema, kumbe na ninyi! Nikamshika mama mmoja wa kizungu bega, nikamwambia kwa ishara asiwakaange na manyoya, awababue kwanza kwa moto wa nyasi, atie chumvi na pilipili. Nilimpa mapishi yote. Francine alikuwa anakufa kwa haya."

Mmoja wa wazee wa Nyangwe alicheka puani kabla hajajizuia. Nyangwe nao huwatega, kwenye matete ya Lualaba, na ladha yake wanaijua.

"Kumbe hawali. Yule mama anamtoa ndege kwenye wavu, anampima, anamvalisha pete mguuni, pete ndogo ya chuma chepesi, halafu anamwachia. Nikasema, mama, unatupa chakula! Akacheka. Akaniweka mmoja kwenye kiganja. Alikuwa mwepesi, moyo unampiga mpaka kwenye vidole vyangu. Yule mama akamwambia Francine: mwambie baba, huyu amezaliwa hapa, kwenye zizi la ng'ombe, na baridi ikikaribia atakwenda kwenu, kwenu kabisa, Kongo, akale wadudu wenu, kisha atarudi kuzaa. Ndugu zangu, ninyi mumewahi kuona kiota cha mbayuwayu huyu hapa kwetu? Mimi sijaona. Sikuwahi hata kujiuliza. Nilimwachia, akaenda. Nikalia. Nilijua kwamba na yule atakuja nyumbani kama mimi, na hana hata pasipoti."

Basi, mzigo wote wa mdomo ulikuwa chini sasa. Alijisikia mtupu, na amechoka.

Raphaël alishusha pumzi. "Ndege na pete," alisema kwa upole, kama mtu anayefunga mlango asiamshe mgonjwa. "Papa Dominique, mimi sijui nikuambie nini." Na akageuka kumtafuta Cécilia, aombe maji ya kunawa.

"Ile pete," ilisema sauti nyingine, "iko na maandishi?"

Koko Marie-Jeanne alikuwa amefumbua macho. Sijui aliyafumbua tangu lini. Mkono wake ulikuwa shingoni, kwenye uzi mchafu wenye shanga chache, umeukamata.

"Iko nayo, Koko," alijibu Dominique. "Herufi na namba, zimezunguka. Ndogo sana, mimi nilisomewa. Zinataja nchi na namba ya ndege, ili akikamatwa mahali watu wajue alikotoka."

"Na iko na mwanya? Mahali inapofungiwa?"

"Iko nao. Wanaibana kwa koleo, ncha mbili zinakutana."

Kikongwe alijaribu kuufungua uzi, vidole vikamshinda. Akauvua kwa kichwa, taratibu, kilemba kikaenda upande. Kati ya shanga kulikuwa na kitu cha kijivu, kidogo kuliko punje ya mchele. Alikisogeza mbele, na aliyekuwa karibu kukipokea alikuwa Ismaël.

Ismaël, ambaye kazi yake ni kutunga uzi kwenye sindano, alivua miwani, akaivaa, akakileta karibu na jicho, akakizungusha kwenye mwanga wa mlango. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Mwanya uko," alisema mwishowe. "Na namba. Tatu, tisa... nyingine imefutika. Na herufi. Haki ya Mungu, Dominique, iko na herufi."

"Bwana yangu Muzaliwa aliikuta mguuni mwa mbayuwayu," alisema Koko Marie-Jeanne. "Tulikuwa na mutoto mumoja tu wakati ule. Alirudi kutoka kwenye matete anakimbia, amebeba yule ndege, anaita watu: njooni muone, ndege amevaa pete! Walipofika pete ilikuwa imeshatoka mguuni, iko mkononi mwake. Wakamuuliza, huyo ndege ameolewa na nani? Wakamuuliza, na mahari ilikuwa nini? Walicheka Nyangwe yote. Wakasema ameokota kipande cha waya. Kuanzia siku ile akisema kitu, wanasema, huyo ni Bwana Harusi wa Ndege. Akisema mtumbwi unavuja, hawatoki. Alikufa na jina hilo. Mimi niliona ile pete mguuni kwa macho yangu, kwa maana mimi ndiye niliyeitoa. Lakini nani anamusikiliza bibi ya mwongo?"

Hakulia. Alikuwa amekwisha kulia miaka mingi kabla. Raphaël ndiye aliyefunika uso kwa mikono yake mikubwa.

"Mama, mimi nilicheka," alisema. "Nilipokua nikalisikia lile jina, nilicheka pamoja nao. Baba akiwa anaangalia."

"Najua. Nilikuwepo."

Raphaël aliipokea pete, akaiweka kwenye kiganja, pale pale ambapo mtu angemweka ndege. Aliitazama. Kisha akaitia mkononi mwa mama yake, akausogelea mkeka, akanawa kwenye beseni iliyokuwa pale tangu mwanzo, na akaupeleka mkono kwenye sahani. Alifinyanga tonge la wali, kubwa, akalichovya kwenye mawese, akala. Wazee wake wakamfuata. Nyuma ya pazia kitu kilianguka, na sauti ya msichana ikasikika ikilia na kucheka pamoja.

"Mutoto iko huru," alisema Raphaël mdomo ukiwa umejaa. "Tumesikia. Sasa, mukwe wangu, ile blanketi. Mulima muzima? Wanaishona wapi?"

Ismaël akajisogeza karibu, maana hilo lilikuwa swali la fundi cherehani, naye alitaka jibu lake kwa adabu kabisa. Dominique alianza tena, tangu mwanzo, na safari hii hakuna aliyecheka mpaka alipofika kwenye simbiliki.

Koko Marie-Jeanne hakula kwanza. Alikuwa amegeuzia kiti chake mlangoni, pete iko kwenye ngumi, anatazama juu ya matete ya bondeni. Hakukuwa na ndege. Mvua zilikuwa bado. Cécilia alipomletea sahani yake alimkuta anaongea peke yake, kwa sauti ndogo ya mke anayemwamsha mume.

"Muzaliwa," alikuwa akisema. "Muzaliwa, umesikia? Wanatoka Ulaya."